Muhuri wa Harambee Avenue: Tathmini ya Huduma ya Kuthibitisha Hati katika Wizara ya Mambo ya Nje

Huduma ninayoitathmini hapa si ya kupendeza macho. Mtu hutoka nayo akiwa na karatasi zile zile alizoingia nazo, tofauti ikiwa ni muhuri na saini. Hata hivyo, kwa Mkenya anayekwenda kusoma, kufanya kazi, kufunga ndoa au kudai urithi katika nchi ya kigeni, muhuri huo ndio unaoamua iwapo atasikilizwa au atarudishwa mlangoni. Niliufuatilia hatua kwa hatua pamoja na mpwa wangu, muuguzi aliyepata kazi katika Falme za Kiarabu, na nimeona heri niyaandike niliyoyaona, kwa sababu wengi wanaoinung'unikia huduma hii huinung'unikia kwa jambo ambalo haikuahidi kamwe kulifanya.

Wizara ya Mambo ya Nje na Diaspora ina makao yake makuu katika jengo la Old Treasury, Harambee Avenue, jumba ambalo jina lake bado linakumbusha kwamba Hazina ya serikali ilikuwa humo kabla ya kuhama. Mtaa wenyewe ni wa serikali tupu: Sheria House aliko Mwanasheria Mkuu, Harambee House yenye Ofisi ya Rais, Hazina ya sasa, na mnara wa KICC ukiwatazama wote kutoka juu. Kwa mtu anayekuja kwa matatu, umbali kutoka vituo vya katikati ya jiji ni wa kutembea kwa miguu. Maombi yenyewe, hata hivyo, hayaanzii mlangoni. Mwombaji huingia kwanza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akaijaza fomu na kulipa kupitia nambari ile ile ya malipo inayotumika kwa huduma zote za serikali, 222222, ndipo akazipeleka hati halisi. Ada ya wizara haikuwa ya kututoa jasho, nami nafurahi kusema kwamba kwenye dirisha hakuna aliyetudai hata senti nje ya ile tuliyolipa kwa simu.

Sasa nieleze muhuri huo unasema nini, maana hapa ndipo penye kiini cha tathmini yangu. Hausemi kwamba mpwa wangu ni muuguzi hodari, wala kwamba alifaulu mitihani yake, wala kwamba yaliyoandikwa kwenye cheti ni ya kweli. Unasema jambo moja tu: kwamba saini iliyo kwenye hati hii ni ya mtu aliyekuwa na cheo na mamlaka ya kuitia. Serikali ya kigeni haimjui msajili wa chuo cha Kenya, haimjui karani wa usajili wa vizazi, haimjui wakili mthibitishaji mwenye ofisi ghorofa ya tatu Moi Avenue. Inaijua wizara moja tu, ile ambayo mataifa yote yamekubaliana kwamba ndiyo kinywa cha dola inapozungumza na dola nyingine. Wizara inaithibitisha saini ya ndani. Ubalozi wa nchi husika ulioko Nairobi unaithibitisha saini ya wizara. Na mamlaka za huko ng'ambo zinaithibitisha saini ya ubalozi wao wenyewe. Ni mnyororo wa watu wanaojuana wawili wawili, na hakuna hata mmoja katika mnyororo huo anayewajua wote.

Kwa sababu hiyo hati haiwezi kufika Harambee Avenue ikiwa mbichi. Lazima kwanza ipite kwa aliyeitoa au kwa mamlaka inayomsimamia. Cheti cha mtihani wa kidato cha nne kina Baraza la Mitihani, KNEC. Leseni ya muuguzi ina Baraza la Wauguzi. Cheti cha maadili mema hutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, ile ya Barabara ya Kiambu, baada ya alama za vidole kuchukuliwa, jambo linaloweza kufanyika hata Huduma Centre. Hati iliyotiwa saini na wakili mthibitishaji nayo hupitia kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Ukiyapanga haya yote kwa ajili ya mtu mmoja mwenye hati nne, utaelewa kwa nini kazi ambayo wizara inaifanya kwa muda mfupi humchukua mwombaji majuma kadhaa.

Sisi tuliyaelewa haya kwa njia ngumu. Cheti cha shahada cha mpwa wangu kilirudishwa dirishani. Afisa aliyekishughulikia, mama mmoja mwenye sauti ya chini na miwani ya kusomea, alitueleza bila haraka kwamba saini ya msajili wa chuo iliyokuwa kwenye barua ya uthibitisho hailingani na sampuli ya saini waliyonayo kwenye kumbukumbu. Kwa hasira ya mara ya kwanza nilitaka kumbishia. Mpwa wangu akaniwahi: "Mjomba, tumsikilize kwanza." Ikabainika kwamba chuo, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimembadilisha msajili tangu mwaka uliotangulia na hakikukumbuka kutuma sampuli ya saini ya msajili mpya. Kwa macho ya wizara, msajili huyo hakuwapo duniani. Tulirudi chuoni, tukazungushwa kwa siku tisa kutoka meza hadi meza, na siku barua ya sampuli ilipofika hatimaye Harambee Avenue, cheti kilipata muhuri bila swali la pili.

Ninalitaja jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililonifanya niiheshimu huduma hii. Afisa yule angeweza kugonga muhuri, sisi tukaondoka tukishangilia, na cheti kikaja kukwama mbele ya watu tusiowajua, katika nchi ambayo mpwa wangu hana jamaa wa kumkimbilia. Huduma ya kuthibitisha hati inayomfurahisha kila mteja siku hiyo hiyo ingekuwa haithibitishi kitu.

Wapo wanaouza njia ya mkato. Tukiwa bado tunahangaika na chuo, tulielekezwa kwenye ofisi moja ndogo, ghorofani, katikati ya jiji, ambapo kijana aliyevaa suti ya kijivu alituahidi mihuri yote, ya wizara na ya ubalozi pamoja, kwa shilingi elfu kumi na mbili na kwa siku mbili, bila sisi kufika popote. Hakutaka hata kuiona hati halisi; nakala ya WhatsApp ilimtosha. Anayefahamu mnyororo niliousimulia ataona mara moja kasoro ya ahadi hiyo, kwa kuwa balozi nazo zina sampuli za saini za maafisa wa wizara, na muhuri wa kuchonga huishia mikononi mwa mtu wa kwanza anayelinganisha. Tulimshukuru, tukashuka ngazi.

Mtu anayesubiri kwenye benchi ana muda wa kuyatazama yanayomzunguka, na ukweli ni kwamba dirisha la hati ni kona ndogo tu ya nyumba kubwa. Wizara hii ina idara mbili za serikali, kila moja na katibu wake: Idara ya Mambo ya Nje na Idara ya Masuala ya Diaspora, ambayo iliundwa mwaka 2022. Juu yao yuko waziri, na tangu Oktoba 2023 wadhifa huo umeshikwa na Musalia Mudavadi, ambaye pia ni Mkuu wa Mawaziri. Chini yao kuna kurugenzi zilizogawanywa kwa namna mbili. Baadhi zinagawana dunia kwa ramani, hii ikishughulikia Afrika, ile Asia, nyingine Ulaya, na kadhalika. Nyingine zinagawana kazi, kama vile sheria na mikataba, itifaki, na huduma za kikonsula, ambako ndiko dirisha letu liliko. Nje ya nchi kuna balozi, ambazo ni matawi ya nyumba hii hii. Balozi haendi kujiwakilisha. Kwa mujibu wa Kifungu cha 132 cha Katiba ya 2010 huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa, na utumishi wake wa kila siku unaongozwa na Sheria ya Utumishi wa Kigeni ya mwaka 2021.

Kwa Kiingereza mjumbe wa Kenya aliyeko London huitwa High Commissioner na aliyeko Berlin huitwa Ambassador, kwa sababu nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kutoitana wageni. Kiswahili hakikujisumbua: wote ni mabalozi, nasi tunaelewana vizuri.

Idara ya itifaki ni ile ambayo wakazi wa Nairobi huiona bila kuijua. Kila gari lenye namba nyekundu linalopita Limuru Road likielekea Gigiri lina faili lake katika wizara hii. Nairobi ndiyo makao makuu ya Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa tangu miaka ya sabini, na ya UN-Habitat pia, kwa hiyo mji wetu umejaa wanadiplomasia kuliko miji mingi iliyo na uchumi mkubwa kuliko wetu. Kuwapokea, kupokea hati zao za utambulisho, kuwapa misamaha ya kodi wanayostahili na kuwakumbusha mipaka ya kinga yao ni kazi ya itifaki. Kinga yenyewe imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, lakini wahenga wetu walikuwa wameshaimaliza kwa maneno mawili: mjumbe hauawi.

Nikiwa pale benchini nilihesabu waliotumwa mahali pasipo pao, na huku ndiko ambako, kwa maoni yangu, mwananchi huipotezea huduma hii alama zisizostahili kupotea. Mzee mmoja alikuja kuulizia pasipoti ya kijana wake. Pasipoti haitolewi na wizara hii hata kidogo. Hutolewa na Idara ya Uhamiaji, iliyoko Nyayo House, chini ya wizara nyingine kabisa. Mama mwingine alitaka kujua kama wakala aliyempeleka bintiye Ghuba ana leseni. Swali hilo ni la Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mwingine alitaka viza ya nchi ya Ulaya, kana kwamba Kenya inaweza kumfungulia mtu mlango wa nyumba ya jirani. Wote walijibiwa kwa adabu na kuelekezwa. Si kosa la watu hawa. Tunapowafundisha watoto wetu habari za serikali, tunawakaririsha majina ya mawaziri na kuacha kuwaambia nani anafanya nini, hivyo neno "nje" katika jina la wizara linachukuliwa kwamba kila kitu kinachohusu ng'ambo kimo humo.

Kasoro ninayoiona si ya maafisa wala ya dirisha. Ni ya mpangilio ambao Kenya imeuishi kwa miaka mingi. Tarehe 5 Oktoba 1961 mataifa yaliyokutana Hague yalikubaliana kuufupisha mnyororo niliousimulia. Chini ya mkataba huo, nchi iliyotoa hati huibandika cheti kimoja kiitwacho apostili, na nchi nyingine yoyote mwanachama hukipokea bila ubalozi kuhusishwa. Zaidi ya nchi 120 zimejiunga. Jirani zetu Burundi na Rwanda zimo, na kwa Rwanda mkataba ulianza kufanya kazi mwaka 2024. Saudi Arabia iliingia mwaka 2022, China mwaka 2023, Kanada mwanzoni mwa 2024. Kenya imekaa nje kwa muda wote ambao nimewahi kushika hati ya kupelekwa ng'ambo, na gharama ya kukaa nje inalipwa na mwombaji mmoja mmoja, kwa nauli, kwa siku za kazi alizokosa na kwa ada za balozi, ambazo kwa kawaida huzidi za wizara yetu. Ninakiri kwamba kwa mpwa wangu apostili isingesaidia, kwa kuwa Falme za Kiarabu zenyewe hazikuwa zimejiunga tulipokuwa tukihangaika. Mnyororo mrefu ungebaki vile vile. Lakini angekuwa anakwenda Riyadh badala ya Abu Dhabi, na Kenya ikiwa mwanachama, hatua ya ubalozi ingefutika yote.

Upande wa pili wa huduma hii, ule ambao mwombaji hauoni mpaka awe amesafiri, ni kazi ya kikonsula ndani ya balozi zetu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaziorodhesha kazi hizo: kuwalinda na kuwasaidia raia, kuwapa hati za kusafiria, kufanya kazi ya wakili mthibitishaji, kusimamia masilahi ya raia aliyefariki. Kifungu chake cha 36 kinampa raia aliyekamatwa nchi ya kigeni haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe bila kuchelewa. Nilimfundisha mpwa wangu kifungu hicho hata kabla ya kumfundisha jinsi ya kukunja nguo kwenye sanduku. Watu wanapaswa kujua pia mipaka yake: ofisa wa ubalozi anaweza kumtembelea mfungwa na kumtafutia orodha ya mawakili, lakini hawezi kumtoa gerezani, wala hana mfuko wa kumlipia kila mtu tiketi ya kurudi nyumbani. Zipo nyakati ambapo dola hujikaza na kufanya zaidi, kama Aprili 2023 vita vilipolipuka Khartoum na Wakenya, wengi wao wanafunzi, wakaondolewa Sudan kwa mpango wa serikali. Nyakati hizo hutegemea sana kama ubalozi unajua raia wake ni nani na wako wapi, na hapo ndipo umuhimu wa kujiandikisha unapoonekana. Wakenya hatupendi kujiandikisha. Tunahisi kwamba anayeandika jina letu anataka kodi.

Kuundwa kwa Idara ya Diaspora kuna sababu yake ya mfukoni, wala sioni aibu kuisema. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Mtu anayeleta kiasi hicho anastahili dirisha lake na mtu wa kulikalia. Sera ya mambo ya nje ambayo Kenya iliizindua rasmi mwaka 2015 iliihesabu diplomasia ya diaspora kuwa mojawapo ya nguzo zake tano, pamoja na uchumi, amani, mazingira na utamaduni. Kwa muuguzi anayesubiri muhuri, hayo ni maneno ya mbali. Lakini karatasi yake ni mahali ambapo nguzo hiyo inagusa ardhi, na ikiwa karatasi itachelewa, mshahara wa kwanza utachelewa, na karo ya mdogo wake pia.

Kwa anayejiandaa kwenda, ningempa mashauri machache yaliyotugharimu kuyajua. Uliza kwanza nchi unakokwenda inataka mnyororo gani, kabla hujaanza hata hatua moja, kwa sababu kila nchi ina namna yake. Hakikisha jina lako limeandikwa kwa herufi zile zile kwenye hati zote. Kuna watu wanaoitwa Njeri kwenye cheti cha kuzaliwa na Njery kwenye cha shule, nao hujua mateso. Chuo chako kiulize waziwazi kama msajili wa sasa amepeleka sampuli ya saini yake, na wakikujibu kwamba "hilo si tatizo," omba nakala ya barua. Usiilaminishe hati, maana muhuri haushiki kwenye plastiki na utalazimika kuomba cheti kingine. Nenda asubuhi. Na ukisharudishiwa hati zako, zipige picha mbele na nyuma pale pale, kabla ya kuziweka kwenye bahasha.

Huduma yenyewe naipa alama nne kati ya tano. Afisa aliyekirudisha cheti chetu peke yake anastahili alama mbili kati ya hizo. Ile moja niliyoibakiza inasubiri mnyororo ufupishwe, na hilo haliamuliwi dirishani.

Mpwa wangu alisafiri mwezi uliofuata. Siku yake ya pili kazini alinipigia simu usiku, nikamuuliza kama hati zilipokelewa, maana mimi nilikuwa bado na wasiwasi wa kile cheti cha shahada. Akacheka. Alisema karani wa hospitali alikichukua, hakutazama jina la chuo wala daraja la shahada aliyoipigania miaka minne. "Alikigeuza tu, mjomba, akaangalia nyuma, akakiweka kwenye faili."